Mshonaji wa Yafa na Wajane wa Mashamba ya Miwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona hata mshono mmoja. Nilifika kwenye nyumba ya masista, kule kwetu Kibosho, asubuhi yenye ukungu, viatu vimeshika tope, na kwapani nimebana kitambaa cha meza nilichokitarizi mwenyewe nyumbani. Kutarizi ni kuchora kwa sindano na uzi juu ya kitambaa, na mimi nilijiona nimekwisha kufika. Maua yangu yalikuwa yamesifiwa na shangazi zangu wote.

Aliyenipokea alikuwa Sista Mkuu wa Chumba cha Sindano. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, na miaka yote tulimwita Sista Mkuu tu. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Rombo, mwenye sauti ya chini, na kidole chake cha kati hakikukosa subana, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole kisichomwe na sindano. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapokea kitambaa changu. Hakuyatazama maua. Alikigeuza akatazama mgongo wake, ambako nyuzi zilikuwa zimekatizana kama mizizi ya mgomba.

"Nani alikufundisha?"

"Mama, Sista."

"Mama yako anajua maua," akasema. "Huku nyuma hakuna aliyekufundisha. Padre akivaa vazi lenye fundo hili litamkwaruza shingo misa nzima, na badala ya kusali atakuwa anawaza fundo."

Akanikalisha kwenye kigoda, akaniwekea mapajani kasula kuukuu. Kasula ni lile vazi pana la nje analovaa padre akiadhimisha misa. Kitambaa chake kilikuwa kimechakaa, lakini uzi wake wa dhahabu ulikuwa mzima bado, na kazi yangu ilikuwa kuufumua bila kuukata. Nilifumua mpaka jioni. Nilirudi nyumbani shingo imekakamaa, mama akaniuliza nimeshona nini. Nilipomwambia nimefumua, alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaopita hapa kwangu Mwika kuniletea suruali nizipunguze. Mnaona picha ya masista ukutani, mnauliza, bibi, kumbe ulikuwa unashona nguo za maaskofu? Nawajibu nusu nusu kwa sababu mna haraka, na pikipiki inaunguruma nje. Leo mashine inayoongozwa na kompyuta inatarizi uso wa mtakatifu wakati wewe unamaliza kikombe cha chai. Siichukii. Ila sisi uso mmoja ulituchukua majuma, na katika majuma hayo yule mtakatifu alikuwa anakaa na sisi chumbani. Kwa hiyo kaeni, leo niwajibu vizuri.

Chumba cha sindano kilikuwa kirefu, madirisha yake yakielekea mlimani, maana mwanga wa upande ule ulikuwa mpole na haukuunguza rangi za nyuzi. Kila mmoja alikuwa na fremu yake, yaani mbao nne zilizofungwa pamoja na kitambaa kikawambwa juu yake kama ngozi ya ngoma. Uzi wa dhahabu haupitishwi ndani ya kitambaa, kwa kuwa utachubuka. Unalazwa juu, kisha unashikizwa kwa uzi mwembamba wa hariri ambao jicho la kawaida halitakiwi kuuona. Na hariri inajua mikono. Msimu wa kahawa, sisi tuliotoka kuchuma vihambani, yale mashamba yetu ya nyumbani, tulikuja na vidole vilivyoparara, hariri ikanasa kwenye kila ufa. Sista Mkuu alitusimamisha mstari kwenye beseni, tukasugua mikono kwa limau na sukari mpaka ikalainika. Ukikaribia fremu bila kusugua, hakukugombeza. Aliondoa kiti chako tu, ukabaki umesimama.

Sheria yake nyingine ilikuwa hii: hakuna kutarizi uso wa mtu usiyemjua. Parokia ikiagiza bendera ya Mtakatifu Monika kwa ajili ya kina mama, au ya Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya mafundi, mmoja wetu alisoma maisha yake kwa sauti na wengine wakashona. Ndivyo nilivyowajua watakatifu, kwa masikio, macho yakiwa kwenye sindano. Kila msichana akawa na wake. Mwenzangu Yustina, aliyekaa fremu ya jirani, aliwapenda mabikira wafiadini, wale waliosimama mbele ya watawala bila kutetemeka. Alikuwa mwoga wa mbwa, lakini walipotajwa wale alinyoosha mgongo.

Wangu nilimpata siku ambayo tulikuwa tumechoka na kunung'unika. Ilikuwa kazi ya korporale, vile vitambaa vyeupe vinavyotandazwa chini ya kikombe cha misa. Havina maua wala dhahabu, ni pindo tu, pindo baada ya pindo. Sista Mkuu alisikia manung'uniko, akavuta kiti katikati yetu, akaanza kutusimulia kama mtu anayezungumzia jirani wa kwao Rombo. Katika mji wa Yafa, alisema, kulikuwa na mwanamke anaitwa Tabitha. Hakuwa nabii, hakuhubiri, hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Alikuwa anashona. Aliwashonea wajane kanzu. Basi akaugua akafa, wakamwosha wakamlaza chumba cha juu, na Mtume Petro akaitwa. Petro alipopanda ngazi aliwakuta wale wajane wamesimama wanalia, kila mmoja anamwonyesha nguo aliyoshonewa. Hawakuwa na hotuba, walikuwa na nguo tu. Petro akawatoa nje, akapiga magoti, akasali, akamwambia yule mama ainuke, naye akafumbua macho.

"Wenye elimu walikuwepo Yafa, na matajiri pia," Sista Mkuu akasema. "Aliyerudishwa ni mshonaji. Sasa shoneni pindo."

Sijui wenzangu waliipokeaje habari ile. Mimi iliniingia ikakaa. Nilikuwa nimezoea kuwaona watakatifu kama watu wa mbali, wa joho na taji, na huyu hapa alikuwa na vidole vilivyochomwa sindano kama vyangu. Nikaanza kuzungumza naye kimoyomoyo, hasa uzi ulipokuwa ukinikatikia. Nilingoja siku nitakayopewa uso wake niutarizi. Haikuja. Katika miaka yangu yote chumbani hakuna parokia iliyoagiza bendera ya Tabitha.

Baada ya muda Sista Mkuu alianza kuniamini na kunituma. Nilikaa Tarakea msimu mmoja kushona mapazia na vitambaa vya altare vya kanisa jipya, na kule nilijifunza kununua nyuzi. Siku za soko akina mama walivuka kutoka upande wa Kenya na mabunda kichwani, ukitaka nyuzi za rangi ya zambarau ya Kwaresima ilibidi uwahi. Paroko wa kule alikuwa mzee asiyetofautisha zambarau na bluu, akaniachia yote. Niliporudi, Sista Mkuu aligeuza kila nilicholeta, akatazama nyuma, akasema, "Sawa." Neno hilo kwake lilikuwa sherehe. Jioni ile mama yangu alipika mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, akaalika majirani kana kwamba nimehitimu chuo.

Tangu hapo nyuso zikawa kazi yangu. Uso ndio mtihani wa mtarizi. Shavu linahitaji nyuzi za rangi sita au saba zinazokaribiana, na jicho likikosea upana wa punje ya ulezi, Bikira Maria anageuka kuwa mwanamke anayekasirikia jirani. Sista Mkuu alisema mbele ya wote kwamba siku zake zikiisha, chumba kile nitakishika mimi. Mimi niliyekuja na mafundo mgongoni mwa kitambaa. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyoweza kusema, na sidhani alihitaji kuambiwa.

Ndipo nikatumwa kule chini tambarare, kwenye shamba moja kubwa la miwa, ambako wafanyakazi walikuwa wamejengewa kikanisa. Kazi ilikuwa ya miezi michache, mapazia ya sakristia, kile chumba anamovalia padre, vitambaa vya altare, na stola, zile kanda ndefu anazovaa shingoni. Kwa sisi watu wa mlimani, kushuka kule ni kama kwenda nchi nyingine. Hakuna mgomba wa kukukinga jua. Kuna joto, majivu meusi ya miwa iliyochomwa yanayodondoka kwenye nguo nyeupe, na watu wa kila kabila, kutoka Kigoma, Singida, Iringa, waliokuja kukata miwa na kuendesha mitambo. Kiswahili chao kilinifurahisha, kila mmoja na lafudhi yake. Wao walicheka changu, maana nasi Wachagga tunavuta maneno.

Nilishonea ndani ya sakristia, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Siku moja mwanamke alisimama mlangoni akatazama cherehani muda mrefu bila kuingia. Nilimkaribisha. Alikuwa Mama Bahati, Muha wa Kigoma. Mumewe mkata miwa alikuwa amekufa kwa maradhi, na nyumba za kambi ni za wafanyakazi, kwa hiyo msiba ukiisha familia hupisha anayefuata. Kwao Kigoma shamba lilikuwa limekwisha kugawanywa kwa kaka zake. Hakuniomba chakula. Aliniuliza kama mtu mzima anaweza kujifunza kile ninachokifanya.

Nilimwambia aje kesho. Kesho yake alikuja na wajane wenzake, na mmoja wao mzee kidogo, Mama Sikujua wa Singida, alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani akasema amesikia hapa kuna darasa. Sikuwa nimetangaza darasa. Lakini nilipowatazama wamesimama pale na kanga zao za msiba, nilihisi nimewahi kuwaona mahali. Kisha nikakumbuka ni wapi: kwenye chumba cha juu, kule Yafa.

Kwa hiyo asubuhi nilishona vya kanisa, na alasiri nilifundisha. Paroko wa kule, mwanamume mnene mwenye huruma, alikwenda kuzungumza na bwana aliyesimamia nyumba za kambi. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Aliwaruhusu wajane wakae mpaka shule zifunguliwe mwaka mpya. Hapo mpango ukaonekana. Shule zikifunguliwa, watoto wanahitaji sare. Wakijua kushona sare, wataweza kupanga vyumba mtaani nje ya shamba na kulisha watoto wao. Wasipojua, watatawanyika, na kila mmoja wetu alijua mjane asiye na pa kwenda anaishia wapi.

Kushona walijifunza upesi. Kukata ndiko kulikotusumbua. Vijana, sindano ikikosea unafumua. Mkasi ukikosea, umekosea. Kukata ni kuichukua jora ya kitambaa, kulaza juu yake vipande vya karatasi vilivyochorwa vipimo, kupitisha chaki, kisha kuamini. Mama Bahati alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, na ndiye aliyeogopa mkasi kuliko wote. Aliushika, akaurudisha. Kitambaa kile walikuwa wamechangishana wenyewe, aliona akikosea amekula chakula cha wenzake.

Tulikuwa hapo, katikati kabisa ya kukata, dereva wa masista alipofika kutoka Kibosho na ujumbe. Jimbo limepata askofu mteule. Kasula atakayovaa siku ya kuwekwa wakfu itatariziwa na chumba chetu, na mgongoni itakuwa na Bikira Maria. Sista Mkuu anasema uso ni wako, uje kabla ya Jumapili.

Sitawaficha kwamba niliruka kwa furaha. Kazi kama ile mtarizi huipata mara moja maishani, au haipati kabisa. Nilianza kukunja nguo zangu. Wajane waliendelea kushona bila kuinua vichwa, na hakuna aliyeniambia baki. Mama Bahati alinisaidia hata kufunga mfuko. Lakini nilipolala sikupata usingizi mzuri, na asubuhi nilimfuata Paroko nikamweleza yote. Alinisikiliza akasema Sista ni mkubwa wangu, yeye hawezi kuniamulia, ila nisimjibu kwa kupitia dereva. Jambo kama lile mtu hulisema uso kwa uso.

Nilipanda Kibosho. Nilimkuta Sista Mkuu peke yake chumbani, hariri nyeupe ya kasula imekwisha kuwambwa kwenye fremu kubwa, na kiti changu kimewekwa mbele yake. Alikuwa amenichagulia nyuzi za shavu, zimepangwa kutoka kahawia nzito hadi nyepesi.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema.

"Milele, amina. Nawa mikono ukae."

"Sista, nimekuja kuomba muda. Wale wajane hawajajua kukata. Nikiwaacha sasa, shule zitafunguliwa hawana kitu."

Alinitazama. "Wajane watakuwepo siku zote. Askofu anawekwa wakfu mara moja."

"Yustina anaweza uso."

"Yustina anaweza. Wewe unajua. Kuna tofauti."

Nikasema lililokuwa moyoni tangu nilipowaona wale kina mama na kanga zao. "Sista, ni wewe uliyenisimulia habari za Tabitha."

Alivua subana kidoleni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kazini, akaiweka juu ya meza.

"Nilikusimulia ili ukae kitini," alisema. "Sikukusimulia ili uondoke." Kisha akageukia fremu. "Nenda. Lakini kiti hiki sitakuwekea."

Nilishuka mlima nalia kama mtoto. Nilikuwa nimekosana na mtu niliyemheshimu kuliko wote walio hai, kwa ajili ya mtu wa Maandiko ambaye hata sauti yake haijulikani. Njia nzima nilijiuliza kama si kiburi.

Nilipofika kambini Mama Sikujua aliniona tu akasema nioge kwanza, uji upo. Kesho yake nilimpa Mama Bahati mkasi na nikatoka nje. Ndiyo, nilimwacha nao, maana niliona nikisimama pale ataendelea kunitazama mimi badala ya kitambaa. Niliporudi alikuwa amekata, na alikuwa amekosea. Kipande cha mbele cha shati kilikuwa kimeingia ndani sana kwapani. Alikaa chini ameshika kichwa. Mama Sikujua aliinua kile kipande akakipima kwa macho.

"Kitambaa hakijaharibika," alisema. "Kimepata mtoto mdogo zaidi."

Tulicheka mpaka Paroko akaja kuona kuna nini. Tukachora upya kwa kipimo cha darasa la kwanza, na shati likatoka zuri. Tangu siku hiyo Mama Bahati hakuuogopa mkasi tena. Shule zilipokaribia, mwalimu mkuu wa shule ya pale alikuja kukagua, akavuta mishono kwa nguvu zake zote kama mtu anayetaka kuwakomoa, mishono ikashika. Akaagiza. Si kwamba wote walifaulu. Mmoja aliona kazi haimfai akarudi kwao Iringa, na mwingine alipata mume akaacha. Waliobaki walipanga chumba mtaani, mbele cherehani, nyuma vitanda, pazia katikati. Walihama kambini wakiimba, vyombo kichwani, na yule bwana wa nyumba za kambi aliwapa gari la kubebea vitu vizito.

Siku ya kuwekwa wakfu askofu nilipanda Moshi mjini nikasimama uwanjani na umati, mbali. Nilikuwa nimejiandaa moyoni kuona uso wenye kasoro. Nadhani, Mungu anisamehe, niliutamani kidogo. Askofu mpya alipogeuka, jua likapiga mgongo wake, nikamwona Bikira Maria wa Yustina. Alikuwa mzuri. Alikuwa mtulivu, na macho yalikuwa mahali pake kabisa. Hakuna kilichoharibika kwa kutokuwepo kwangu. Watu walishangilia, na mimi nilihisi mtu amenitoa moyo akauweka chini. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ule uso mzuri ndio uliokuwa ukinipa ruhusa. Altareni kulikuwa na Yustina. Mtaani kwa wajane hakukuwa na mwingine.

Nikabaki kule chini. Paroko alinipa kazi ya kusimamia sakristia na darasa la ushonaji la kigango, ambalo kila mwaka lilipata wanawake wapya. Cherehani zilipoharibika alikuja fundi mitambo wa kiwanda cha sukari cha pale kuzitengeneza, kijana wa Mwika anaitwa Aloisi. Alikuja mara nyingi kuliko zilivyoharibika. Tulifunga ndoa kwenye kile kikanisa chenye mapazia yangu, na mbege ya harusi, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilishushwa kutoka mlimani. Yeye amekwisha kutangulia, na mimi pia sasa ni mjane.

Lakini miaka yote ile jambo la Sista Mkuu lilinikaa kama mwiba wa samaki. Salamu nilituma, hazikujibiwa. Nilisikia amezeeka, macho yamepungua, amehamishiwa nyumba ya masista wazee. Mama mkwe wangu wa Mwika aliponiona ninavyosononeka alinipeleka mpakani mwa kihamba, akachuma jani la sale, ule mmea wetu wa kijani tunaoupanda mipakani. Ninyi vijana mnaupita tu. Kwetu anayebeba jani la sale anaomba msamaha, na ni aibu kulikataa.

Nilimkuta amekaa barazani, blanketi magotini. Nilipiga magoti nikaliweka jani mikononi mwake. Alilipapasa kutoka shina hadi ncha, akalitambua. Hata alipokuwa kipofu nusu, vidole vyake vilijua kila kitu.

"Nani?"

Nilitaja jina langu.

"Umechelewa," alisema. "Sikiliza. Ulinikosea mimi. Hukumkosea Mungu. Usichanganye hayo mawili, ndiyo yanayokufanya ulie hovyo. Langu nimekusamehe. La pili halikuwepo."

Nililaza kichwa magotini pake. Baadaye aliniuliza kama wale wanawake wanakata wenyewe. Nikamwambia wanakata. Akasema nimletee mmoja amwone, kisha akacheka kidogo kwa neno hilo, amwone.

Nilimleta Mama Bahati. Alikuja na sare mpya ya msichana wa shule, sketi ya marinda, amejitahidi kuliko siku ya mwalimu mkuu. Sista Mkuu hakuuliza yeye ni dini gani wala ametoka wapi. Aliipitisha ile sketi vidoleni, rinda kwa rinda, nje na ndani. Mama Bahati alikuwa anatoka jasho. Mwishowe yule mzee alimwuliza amejifunza kwa nani, naye akanielekezea mimi kwa kidevu, akasahau kwamba mwenzake haoni.

"Kwa huyu," alisema.

"Na huyu ni wangu," Sista Mkuu akamjibu. "Kwa hiyo wewe ni mjukuu."

Alikufa baada ya masika. Tulimzika Kibosho kwa mvua nyembamba, na Yustina, ambaye alikuja kukishika kile chumba na kukishika vizuri, alinishika mkono kaburini.

Nilistaafu macho yalipoanza kuona nyuzi mbili mahali penye mmoja. Darasa la kule chini sasa lina mabinti waliofundishwa na wanafunzi wa Mama Bahati, na sehemu kubwa yao hawanijui, jambo linalonifurahisha. Mimi nimerudi hapa Mwika, kwenye kihamba cha Aloisi, na kahawa chache na migomba ya mshare, na suruali zenu.

Mnaniuliza ninamheshimu nani katika historia, na nyie mnataja majenerali na marais. Ni sawa, kila mtu na wake. Mimi wangu ni wawili. Mmoja alinifundisha kutazama mgongo wa kazi, na mwingine aliishi Yafa zamani sana. Huwa nawaza habari zake jioni ninapokaa barazani. Maandiko yanasema Petro alimshika mkono akamwinua, akawaita watakatifu na wajane, akamkabidhi kwao akiwa hai. Yanaishia hapo. Hayasemi alifanya nini kesho yake. Wahubiri nimewasikia wakisema alikwenda kushuhudia, alikwenda kutoa shukrani, na pengine ni kweli. Lakini mimi nimeshona maisha yangu yote, na najua mtu anapougua ghafla anaacha nini juu ya meza. Kulikuwa na kanzu ya mjane fulani, imekatwa, haijaunganishwa mikono. Aliamka, akatafuta sindano, akaimalizia.